Kakanda: Gari la rimoti lianze na betri, si na mota

KAKANDA – Kijana anayeunda gari la rimoti lenye matairi makubwa akifika Likasi kutafuta vipuri, neno lake la kwanza mbele ya meza ya muuzaji ni lile lile: "Yaya, unipatie mota yenye nguvu." Muuzaji hana sababu ya kukataa. Mota inang'aa, inaingia mfukoni, inauzika haraka. Kijana anarudi Kakanda na mota yake, pesa imekwisha, na betri itaokotwa popote itakapopatikana.

Desturi hiyo ni mbaya, na si suala la kila mtu na mapenzi yake. Inakula pesa ya watu wasio na pesa, na inaingiza hatari ya moto ndani ya nyumba ambazo haziwezi kuvumilia hata cheche moja. Mafundi wanaoisifia, na wauzaji wanaoinyamazia kwa kuwa mota inalipa, waambiwe hivyo bila kuzungusha maneno.

Kwanza ieleweke ni gari gani linalozungumziwa. Huko Marekani, Bob Chandler wa St. Louis alilipandisha pikapu lake juu ya matairi makubwa na kuliita Bigfoot. Mwaka 1981 likakanyaga magari chakavu, watu wakapenda, na mchezo mzima ukakua kutoka hapo. Mwaka 1987 kampuni ya Tamiya ya Japani ikatoa gari dogo la namna hiyo la kuongozwa kwa redio, Clod Buster: mota mbili, moja juu ya kila ekseli, na magurudumu yote manne yanakata kona. Lilinunuliwa sana, lakini wenye mikono hawakuridhika na shasi yake ya plastiki. Wakaanza kukata bamba za alumini na kujitengenezea shasi zao. Tangu wakati huo shasi inauzwa hata peke yake: bamba mbili, fimbo chache za kuunganisha ekseli, skrubu. Mengine yote mnunuzi atajitafutia. Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo penye mtego.

Mtoto wa Katanga hahitaji kueleweshwa sana. Amekwisha kuunda gari la waya, kabini ya kopo la sardini, magurudumu ya sandali za mpira zilizochakaa, usukani mrefu wa waya unaoshikwa huku mtu anatembea. Ameyaona pia malori ya migodini ambayo tairi lake moja linampita baba yake kwa urefu. Kumwambia huyo kwamba gari la matairi makubwa ni mambo ya Wazungu ni kumtania.

Shida ya shasi tupu ni kwamba kila kipuri kinakivuta kingine. Tairi kubwa ni zito. Tairi zito linataka gia ngumu. Linataka pia sevo yenye nguvu, yaani kile kimota kidogo kinachokata kona. Sevo ya kawaida yenye nguvu ya kilo 3 kwa sentimita itanung'unika tu gari likiwa limesimama, na wengi wanaojua kazi hii huanzia kilo 15. Sevo ikivuta, umeme unaliwa. Gia ikiwa nzito, umeme unaliwa. Kila njia inaishia kwenye betri, na ndiyo maana kuanza na mota ni kuanzia katikati ya daraja.

Hesabu yake si ngumu, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Mota ya kawaida ya namba 540, ile yenye kipenyo cha milimita 36, ikizunguka mara 15,000 kwa dakika na gia zikaipunguza mara 30, gurudumu litazunguka mara 500 kwa dakika. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 14 linasafiri kama sentimita 44 kila linapozunguka. Hiyo ni mita 220 kwa dakika, karibu kilomita 13 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia vizuri. Kwa gari la matairi makubwa mwendo huo unatosha kabisa, linapanda mawe na linaruka kichuguu. Anayebadilisha gia ili zipunguze mara 15 tu, apate kilomita 26, ameitwisha mota ile ile mzigo mara mbili. Itapata moto, itavuta umeme mwingi zaidi, na mwisho wa yote betri ndiyo itakayoulizwa.

Sasa betri yenyewe. Betri ya saa-ampea 3, gari likivuta ampea 15, inacheza dakika 12. Gari likivuta ampea 30, ni dakika 6. Hilo ni la muda wa kucheza tu. La hatari ni jingine: si kila betri inakubali kutoa ampea 30. Zile seli za mviringo zinazotolewa ndani ya kompyuta za mkononi zilizokufa, zenye milimita 18 kwa 65, nyingi zilitengenezwa kutoa umeme polepole, ampea 4 au 5 hivi kila moja. Mota ya 540 gari likikwama kwenye tope inaweza kudai mara kadhaa ya hapo kwa ghafla. Seli inapata moto ndani, inavimba, na ikiwa ilikwisha kuchoka inaweza kupasuka na kuwaka.

Maneno ya kwamba "lithiamu ni lithiamu tu" yakomeshwe, hata yakisemwa na fundi mwenye heshima. Seli mbili zinaweza kufanana rangi, ukubwa na volti, na moja ikafaa taa wakati nyingine inafaa gari. Asiyeweza kusoma kwenye betri ni ampea ngapi inaruhusiwa kutoa, au aliyekuta maandishi yamebanduliwa, asiiweke kwenye gari. Aiweke kwenye taa ndogo, tena akiwa na uhakika kwamba haijavimba.

Kuna njia tatu, na zinatofautiana sana. Betri laini ya lithiamu, ile ya mfuko unaobonyea, ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayosifiwa mno. Kila seli yake ikijaa inafika volti 4.2, ikishuka chini ya 3 inaharibika. Inataka chaja inayosawazisha seli moja moja, na inataka kidhibiti mwendo kinachokata umeme kabla haijafika chini. Asiye na vyote viwili hana betri hiyo, ana tatizo tu. Njia ya pili ni lithiamu yenye fosfeti ya chuma, ambayo iko ndani ya baadhi ya taa na mitambo ya sola. Seli yake ni volti 3.2, nguvu yake ni ya wastani, haishiki moto kirahisi, nayo pia inataka chaja yake. Ya tatu ni ile ya zamani ya nikeli, seli sita za volti 1.2, jumla 7.2. Ni nzito na watu wameanza kuicheka. Waendelee kucheka. Uzito wake ukiwekwa chini, katikati ya bamba za shasi, unalisaidia gari lisipinduke, na betri yenyewe inavumilia makosa ya mwanzoni kuliko lithiamu.

Kwa kijana wa Kakanda anayeunda gari lake la kwanza, jibu ni nikeli. Anayemshauri vinginevyo aeleze kwanza ni nani atakayekaa karibu na betri wakati inachajiwa.

Swali hilo ni zito zaidi kwa familia zilizohama. Waliokimbia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa pili, na wale wa kabla yao waliotoka Mitwaba, Pweto na Manono, wanajua maana ya kulala watu wanane kwenye chumba kimoja au chini ya turubai. Nyumba kama hiyo haina kona ya kuchajia. Betri inachajiwa pembeni ya mkeka, karibu na nguo, usiku, kwa sababu usiku ndipo umeme umerudi au ndipo jirani amekubali kugawa. Turubai likishika moto haliachi muda wa kuamsha watoto. Na moshi wa lithiamu ni sumu, haufai kuvutwa hata kidogo.

Kwa hiyo kanuni za kuchaji zisichukuliwe kama mambo ya wenye magari ya mchezo peke yao. Zinagusa simu, zinagusa taa za sola, zinagusa betri za akiba zinazouzwa barabarani. Chajia nje au mlangoni, mchana, juu ya sufuria kuukuu au chungu chenye mchanga mkavu, mtu mzima akiwa macho. Chaja ya nikeli isiunganishwe na lithiamu hata kama plagi zinaingiliana. Kosa hilo moja linatosha kuwasha moto. Betri iliyovimba isichomwe kwa msumari "ili hewa itoke". Itolewe nje, mbali na ukuta, na isirudi ndani. Ikianza kutoa moshi, watu watoke kwanza. Vitu baadaye.

Na hapa pana jambo la kukasirisha ambalo halisemwi vya kutosha. Betri nyingi za simu, na nyingi za ile mifuko laini, zimejazwa mchanganyiko wa lithiamu, kobalti na oksijeni. Katika gramu 100 za mchanganyiko huo, karibu gramu 60 ni kobalti. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na Kakanda ni nchi ya shaba na kobalti. Jiwe linaondoka hapa likiwa jipya, linavuka bahari, linakuwa betri, linatumika miaka kadhaa mikononi mwa mtu mwingine, kisha linarudi sokoni kama seli iliyochoka isiyo na maandishi, na kuuzwa kwa mtoto wa mahali lilipochimbwa. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025, na tangu Oktoba mwaka huo kuna mgawo kwa kila kampuni. Vita hiyo ya bei ni ya wakubwa. Lakini hakuna mgawo wala amri inayomlazimisha kijana wa Kakanda kununua takataka za betri kwa pesa yake mwenyewe.

Baada ya betri zifuate gia, si mota bado. Kosa linalorudiwa hapa ni kuchanganya ukubwa wa meno. Gia ndogo ya kwenye mota na ile kubwa ya kwenye ekseli lazima ziwe na jino la kipimo kimoja. Kuna kipimo kinachoitwa 48 na kuna kingine cha 0.6; kwa macho vinafanana kabisa, vikiunganishwa vinazunguka, na baada ya siku chache meno yamesagika yamekuwa unga. Aliyenunua gia bila kuuliza kipimo hawezi kumlaumu fundi. Muuzaji asiyejua kipimo cha gia anayoiuza, huyo anaweza kulaumiwa.

Mtihani mmoja unatosha kwa karibu kila kipuri kingine: kikivunjika, kitatengenezwa wapi? Likasi ni mji wa mafundi. Karakana za Panda za Gécamines zilikuwa shule ya wakerezaji na wachomeleaji kwa vizazi, na mtu mwenye mashine ya kukereza anaweza kutoa bushi ya shaba nyeusi au ekseli ya chuma akipewa kipimo. Hawezi kutoa gia ya plastiki ya ajabu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari moja tu la kampuni moja tu. Skrubu za milimita 3 zinapatikana. Skrubu za ajabu hazipatikani. Kitovu cha gurudumu chenye pembe sita za milimita 12 kinakubali matairi ya aina nyingi. Kitovu kingine kinamfunga mtu kwa muuzaji mmoja maisha yote. Spoku za baiskeli zinafaa kwa fimbo ya usukani. Bamba la alumini la milimita 3 linakatwa kwa msumeno wa mkono, na akiba ya makosa iko kwenye sufuria zilizotoboka.

Familia zilizotoka Kivu zina la kufundisha hapa, na haifai wachukuliwe kama watu wa kupokea tu. Chukudu ya Goma, ambayo mji wenyewe umeijengea sanamu, ni shasi ya vipuri vya kuchagua. Mbao inachaguliwa kwa ugumu wake, gurudumu linavikwa mpira wa tairi kuukuu, beringi zinatoka kwenye magari yaliyokufa, na kitu hicho kinabeba mamia ya kilo za viazi na makaa kwenye mawe ya volkano. Hakuna mwenye chukudu anayeanza kwa kuuliza itakimbia kiasi gani. Anauliza itabeba nini, na ikivunjika njiani ataifunga na nini. Mzee aliyewahi kuunda chukudu akikaa na vijana saa moja kuhusu beringi na mpira, watapata zaidi ya wanachopata kwenye video kumi za magari ya Marekani.

Vumbi nalo lisahaulike kwa hasara. Kuanzia Mei hadi Oktoba udongo mwekundu unaingia kila mahali, na gia iliyo wazi inausaga kama unga wa mahindi. Beringi zenye kifuniko cha mpira zina gharama kidogo zaidi kuliko bushi za plastiki, na zinastahili. Kisha mvua zinakuja na tope lake, basi kipokezi na kidhibiti mwendo viwekwe juu, ndani ya kiboksi kilichozibwa. Kuhusu redio hakuna mengi: zile za zamani za megahezi 27 zinaingiliana, magari mawili yakiwa kwenye mkondo mmoja kila mtu anaendesha la mwenzake, za gigahezi 2.4 hazina ugomvi huo.

Wapo wanaosema mazungumzo haya yote ni aibu. Nyumba haina unga, watoto hawajalipiwa shule, na watu wanabishana kuhusu gari la mchezo. Neno hilo lina uzito na halijibiwi kwa mzaha. Familia isiyo na unga isinunue shasi. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuiambia ifanye hivyo. Lakini pesa tayari inatoka, kidogo kidogo: gari la plastiki la sikukuu linalokufa kabla ya wiki kwisha, chaja ya bei ya chini, mota ya pili baada ya ile ya kwanza kuungua. Ikikusanywa hiyo, watoto kumi wa shule moja au wa mtaa mmoja wanapata gari moja la kweli, na kila mmoja ana kazi yake. Mmoja anapima betri, mwingine anahesabu meno, mwingine analehemu nyaya.

Wahisani pia wasikilize. Gari zima lililofungwa kwenye boksi, likiletwa kwa watoto waliohama, linapigwa picha, linachezwa, linakufa, na hakuna anayejua lilikufa kwa sababu gani. Waleteeni kipimo cha volti, waya, lehemu, chaja moja nzuri. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 iliwaonyesha walimwengu watoto wa kusini mwa Kongo wakiokota na kuosha mawe yenye kobalti. Dunia iliwahurumia. Huruma hiyo haikumfundisha hata mmoja wao kusoma maandishi yaliyo kwenye betri.

Mpangilio basi uwe huu, na anayeupinga alete hesabu zake: betri na chaja yake, kisha gia na beringi, kisha sevo, kisha kidhibiti mwendo kinacholingana na betri iliyokwisha kununuliwa. Matairi yaje hapo, ya kiasi, si makubwa kuliko yote sokoni. Mota ifuate, ya kawaida, yenye mizunguko mingi ya waya, 35 au 45, maana kadiri mizunguko ilivyo mingi ndivyo inavyovuta polepole na kwa nguvu bila kuungua. Bodi ni ya mwisho kabisa, na kopo la mafuta ya kupikia la lita 5, likikatwa vizuri na kutobolewa madirisha, litashika nafasi yake mpaka pesa ipatikane.